Suala Lako Limefungwa

3 Februari

Kiroboto wangu,

Usinune kwa jina hilo. Nimejaribu kukuita Mkurugenzi kwa simu ya ofisini, katibu wako akaniuliza, "Mama, namba ya lalamiko lako ni ipi?" Nikamwambia sina namba, mimi ni dada yake, ndiye niliyemwogesha. Akaniwekea muziki wa kusubiri mpaka salio likakata. Kwa hiyo nimerudi kwenye barua kama enzi zile uko bweni, ila safari hii bahasha haina hela ya sabuni.

Sikiliza. Ile dawa ya kulainisha nywele, ya kopo jeupe lenye mfuniko wa zambarau, imeanza kuunguza watu. Nimeitumia miaka mingi na naijua kwa harufu tu. Makopo niliyoletewa baada ya mwaka mpya ni mengine kabisa. Ukifungua, macho yanawasha kabla hujachota. Nilimweka kitini yule mwalimu wa chekechea, nikampaka mafuta ya mgando kuzunguka kichwa chote kama kawaida, na sijamaliza hata upande mmoja akaruka. Nilipomwosha, nywele zilibaki kwenye beseni na ngozi ikawa mbichi. Nikajipa moyo kwamba alikuwa amejikuna kabla ya kuja, maana wateja wa kichwa hudanganya kuliko wagonjwa. Halafu akaja mke wa fundi viatu, yakawa yaleyale, tena nyuma ya sikio, mpaka leo panatoa maji. Nimeacha kuitumia. Aliyeniuzia anasema kopo likishafunguliwa halirudishwi.

Nilikwenda kwenye tawi lenu la huku. Mama wa mapokezi akaniambia nisubiri, mfumo utanijibu. Mfumo ndiye nani, Kiroboto? Si wewe?

Tuma mtu achukue kopo hili alipime. Nimelifunga kwenye mfuko na kuliweka juu ya kabati, karibu na kioo kikubwa. Bango lenu pale nje linasema mnamlinda mlaji. Mimi dawa hii siili, lakini nadhani umenielewa.

Mama hajambo. Anauliza kama bado unakohoa.

Dada yako


14 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka katibu akachungulia. Msamehe, nimemfundisha mwenyewe: hapa hakuna mtu asiye na namba.

Laiti ungeona nilivyoikuta taasisi hii. Malalamiko yalikuwa yamelundikwa kwenye maboksi hadi chooni, na hakuna aliyejua lipi la nani. Leo tuna Mpango Mkakati, tuna viashiria vya utendaji, na ukutani kwangu kuna ubao wa rangi. Lalamiko likifungwa kwa wakati ni kijani, likichelewa ni njano, likilala ni jekundu. Kila asubuhi kabla ya chai nasimama mbele ya ubao huo. Tawi lenu la huko, kusema kweli, lilikuwa linanitia aibu, jekundu tupu kutoka juu mpaka chini. Sasa limeanza kupona. Juni wanakuja wakaguzi wa Tuzo ya Utendaji Uliotukuka, na tukishinda, Waziri mwenyewe ndiye atakayenikabidhi. Mtoto wa mama yetu, dada! Yule uliyekuwa ukimshonea kaptura kwa pazia.

Sasa kuhusu dawa yako. Andika tena, lakini usiandike "imeunguza." Neno hilo linalipeleka lalamiko moja kwa moja maabara, na maabara foleni yake haina mwisho. Litakaa jekundu mpaka wakaguzi waje walikute. Andika hivi: "nimepata changamoto katika matumizi." Hiyo inashughulikiwa haraka sana, nitaisukuma mwenyewe.

Kikohozi kimekwisha. Mwambie mama asinitumie tena yale majani.

Mdogo wako,
Kiroboto (ila usiliandike nje ya bahasha)


10 Machi

Ndugu Mlaji,

YAH: CHANGAMOTO KATIKA MATUMIZI YA DAWA YA KULAINISHA NYWELE

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Taasisi imelifanyia kazi suala lako na kujiridhisha kwamba bidhaa husika inakidhi viwango vya usalama. Changamoto uliyoipata imetokana na matumizi yasiyo sahihi. Unashauriwa kuzingatia maelekezo ya mtengenezaji. Nakala ya barua hii amepewa muuzaji.

Suala lako limefungwa. Tunakushukuru kwa kutusaidia kukuhudumia vizuri zaidi.

Mkurugenzi wa Mipango na Utendaji


28 Machi

Kiroboto,

Niliandika "changamoto" kama ulivyoniagiza. Jibu limekuja, na sahihi yako naijua hata gizani. Nimelisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa nikalisoma tena.

Kopo langu bado liko juu ya kabati na hakuna aliyekuja kulichukua, lakini najua mna njia zenu, mtakuwa mmechukua jingine dukani mkalipima. Basi dawa ni nzima. Kumbe mbovu ni mimi.

Muuzaji ameibandika ile nakala yake dukani, pembeni ya mizani, kila anayenunua sabuni anaisoma. Mwalimu wa chekechea ameisoma. Alipita hapa jana amejifunga kitambaa, akanisalimia kwa heshima kabisa, na heshima ile iliniuma kuliko kama angenitukana. Viti vyangu vyote vitatu viko wazi tangu asubuhi. Nakaa naitazama mikono yangu. Mikono hii imesuka bibi harusi wa mtaa huu wote, imekulipia bweni, na leo serikali inasema haijui kutia dawa. Nikiwa peke yangu nairudia kazi yote kichwani, hatua kwa hatua, natafuta nilipokosea. Sioni. Labda huo ndio uzee wenyewe, mtu kukosea asione.

Mke wako amenipigia. Anasema Chiriku anakuja kwangu likizo hii na anataka nimlainishe nywele kwa ajili ya hiyo sherehe yako. Nimemwambia ampeleke saluni ya mjini, kwenye viti vya kuzunguka. Anasema mtoto amekataa, anamtaka shangazi yake. Nifanyeje? Nijibu wewe.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, nina kikao.

Barua ile isikuumize kichwa. Ni maneno ya ofisi tu, kila mtu anaandikiwa hivyohivyo. Usiitilie maanani hata kidogo. Mikono yako haina tatizo lolote, na anayesema vinginevyo aje aniambie mimi.

Chiriku atafika Jumamosi. Jiandae, mdomo wake haujapungua. Tangu aingie kidato cha pili anabishana hata na taarifa ya habari. Katika sherehe ndiye atakayempa Waziri maua, kwa hiyo mama yake anataka nywele zilizonyooka, zilale mabegani. Tumia dawa yoyote unayoiamini. Nitafurahi watu wakiniuliza nani kamtengeneza niseme ni dada yangu.

Ubao wangu wiki hii umekuwa kijani wote, kutoka juu mpaka chini. Nimeupiga picha.

Mdogo wako


24 Aprili

Dada,

Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi.

Kwanza, asante kwa kunisikiliza kwenye simu siku ile. Najua ulikuwa umechanganyikiwa, korido ya hospitali ina kelele, na mtoto analia. Lakini ulimwambia daktari ni maji ya moto kama nilivyokuomba, na mtoto naye akasema hivyohivyo. Umeniokoa. Daktari akiandika jina la dawa ile kwenye karatasi yake, karatasi inakuja kwetu, na lalamiko linakuwa la nyumba ya Mkurugenzi. Wakaguzi wangelishika hilohilo tu.

Pili, kopo. Lizike, lichome, fanya lolote, lisionekane.

Tatu, naona uzito kuliandika hili. Mama yake hali, halali. Anauliza kama ulifanya makusudi. Anasema ulikuwa na kinyongo na ile barua, ukaamua kumtia adabu mdogo wako kupitia kwa mtoto wake. Nimemwambia dada yangu hawezi. Lakini ameuliza tena na tena, na sijui nimjibu nini.

Mwambie Chiriku ngozi huota upya. Nitakuja mara wakaguzi wakiondoka.

Mdogo wako


2 Mei

Mkurugenzi,

Usijisumbue, mke wako nitamjibu mimi.

Uliposema barua ile nisiitilie maanani, nilidhani unaniuma na kunipuliza. Nilidhani unanifichia aibu, kwamba mmepima, mmekuta kosa ni langu, na mdogo wangu ananibembeleza nisilie. Hivyo ndivyo nilivyoielewa, nami nikakupenda kwa hilo. Nikaamini dawa ni nzima. Serikali imesema, na mdogo wangu ametia sahihi. Nyingine sikuwa nayo, wateja wamekauka, ningeinunua kwa hela gani? Nikalishusha kopo juu ya kabati.

Kichwa cha yule mtoto nilikiheshimu kuliko kichwa chochote nilichowahi kushika. Nilimpaka mafuta mara mbili. Niliweka dawa kwa brashi ndogo, mstari kwa mstari, nikiogopa mikono isikosee tena. Yeye anapiga domo tu, ananisimulia jinsi atakavyomshika Waziri mkono. Akanyamaza ghafla. Nikajua. Akaguta, akajipangusa kwa kiganja pale kwenye paji, na dawa yote ya mbele ikamwingia jichoni. Bomba lilikuwa linatoa uzi wa maji. Nilimmwagia jagi mojamoja huku nikipiga kelele watu wanisaidie.

Kisha hospitali, kisha simu yako. Nilikuambia ni ile dawa. Nilikuambia mara mbili, kwa sauti, watu wote wa korido walinisikia. Nawe ukasema, "Dada, sema maji ya moto. Kuungua ni kuungua, dawa yake ni moja." Ukasema nisiposema hivyo unamwaga unga, na mama atakula wapi, na karo ya Chiriku atalipa nani. Mimi darasa la saba ndilo langu la mwisho. Wewe ndiye uliyesoma. Nikasema maji ya moto.

Dawa yake si moja, Kiroboto. Walimpaka mafuta ya kuungua, wakamfunga bandeji jicho likiwa na dawa ndani, wakamlaza. Ile dawa iliendelea kula huku sisi tumekaa pembeni tunampepea. Walipofungua bandeji, daktari alitazama muda mrefu, akaniuliza taratibu, "Mama, haya yalikuwa maji gani?" Hapo nikasema kweli. Hakunifokea. Alisema tu kwamba angejua mapema angemwosha jicho hilo kwa maji mengi bila kuacha, na pengine lingebaki linaona.

Halioni. Limekuwa jeupe kama la samaki aliyepikwa. Nywele za upande wa kulia hazitaota. Na Chiriku hasemi. Anaitikia kwa kichwa.

Makusudi? Mwambie mke wako ndiyo, nilikusudia. Nilikusudia mtoto apendeze.

Kopo sijalizika.

Dada yako


18 Juni

Dada,

Shikamoo.

Habari za jicho nilizipata kwa barua yako, nikafunga mlango wa ofisi nikalia kama mtoto. Nataka ulijue hilo. Sikuja kwa sababu ya maandalizi ya wakaguzi, na baada ya hapo sikuwa na uso wa kuja.

Tumeshinda. Utakuwa umeona kwenye televisheni. Maua yalitolewa na binti wa mhasibu. Niliishukuru familia yangu mbele ya wote, na nilikuwa namaanisha wewe.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Kopo lako halikupimwa. Hakuna lililopimwa robo mwaka ile. Tawi lenu lilikuwa jekundu, maabara imejaa, nikaagiza yote yaliyoandikwa "changamoto" yafungwe kwa barua moja. Tunabadilisha jina la mtu na jina la bidhaa, mengine yanabaki. Niliposema usiitilie maanani, hilo ndilo nililokuwa najaribu kukuambia. Sikujua utaniamini kiasi kile.

Lakini nikisema leo kwamba dawa ndiyo mbovu, barua zote zinafunguka kwa mpigo. Tuzo inarudi, mimi naondoka na pingu pengine, na Chiriku jicho halirudi. Umenielewa? Hakuna anayepata kitu.

Kwa hiyo huku nyumbani tumeshakubaliana, na nimemwambia mke wangu hivyo: ni mikono yako. Ulizidisha muda. Umri umekwenda, inatokea. Si makusudi, nimekutetea kwa hilo. Atawaambia hivyo ndugu wote watakapokutana, nami nitakaa kimya. Nakuomba usimkanushe. Saluni uifunge kwa heshima, useme umestaafu. Nitakuwa nakutumia matumizi kila mwezi, hutakosa kitu.

Ulinibeba mgongoni tangu sijui kutembea, dada. Nibebe mara hii ya mwisho.

Mdogo wako,
Kiroboto


9 Julai

Baba,

Barua yako ya mwisho ilifika. Shangazi aliisoma, akaikunja, akaenda kusugua lile beseni ingawa lilikuwa safi. Alilisugua mpaka adhuhuri. Baadaye aliniambia nikitaka niisome, maana inanihusu. Nimezisoma zote, na zake alinisimulia.

Saluni imefungwa kama ulivyotaka. Ndugu walikutana, mama akasema aliyoyasema, na shangazi akajibu, "Ndiyo, ni mikono yangu." Bibi alimwuliza mara tatu, naye akajibu hivyohivyo mara zote tatu. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Alikuwa ameikalia mikono yenyewe.

Mimi sikukuahidi chochote, kwa hiyo nilikwenda kwenye tawi lenu. Nilibeba kopo mwenyewe, nikaliweka juu ya kaunta. Mama wa mapokezi alinitazama usoni, akatazama pembeni haraka, wengi hufanya hivyo siku hizi. Alinishauri niandike "changamoto." Nikaandika "imeunguza." Nikaandika jicho. Nikaandika majina yangu yote matatu kwa herufi kubwa, na la mwisho ni lako. Nilijua hata kama husomi kitu kingine, jina lako utaliona.

Jibu limekuja leo. "Ndugu Mlaji. Taasisi imelifanyia kazi suala lako na kujiridhisha kwamba bidhaa husika inakidhi viwango vya usalama. Changamoto uliyoipata imetokana na matumizi yasiyo sahihi." Neno langu walilibadilisha. Majina yangu yameandikwa sawasawa, hakuna hata herufi iliyokosewa.

Mama nilipompigia alisema siku hizi mashine ndiyo inayotia sahihi. Nimeigeuza karatasi. Wino umetokeza upande wa pili, mahali pale ambapo wewe hukandamiza kalamu ukitia sahihi, kama kwenye ripoti zangu za shule. Ulikuwa unazisoma zile, baba, hata maoni ya mwalimu wa michezo.

Nilirudi kuomba kopo. Wamesema limetupwa kwa sababu suala limefungwa.

Shule ikifunguliwa sirudi huko, nitasoma huku. Jioni najifunza kusuka. Shangazi hashiki nywele tena, anakaa kwenye kiti cha wateja ananielekeza kwa mdomo, naye mwalimu wa chekechea amejitolea kichwa chake tufanyie mazoezi, upande uliobaki na nywele. Mwanzoni mistari ilikuwa inanipotea kwa kuwa naona upande mmoja. Sasa nimezoea.

Kwenye bahasha yenu kulikuwa na karatasi ya pili inayouliza kama nimeridhika na huduma. Nimeijaza na kuirudisha. Shangazi aliniomba niweke alama ya juu kabisa, ili usije ukafokewa kazini.

Nimeiweka.

Mlaji wenu